Mama Mvuke, Wifi Yake na Kitambaa Kisichokunywa Maji

Siku mkemia mpya alipoletwa kwenye ukumbi wa kuchemshia vitambaa, msimamizi wa ukumbi alikuwa ameinama juu ya tangi namba tatu, glavu zimemfika viwikoni, akisukuma kitambaa kwa mti mrefu. Alisikia meneja akimwita. Alipogeuka, akamwona mwanamke wa koti jeupe amesimama nyuma ya meneja, mfuko wa ngozi begani. Akamtambua hapo hapo. Ni yule yule, ila amenenepa kidogo na amevaa miwani.

“Huyu ndiye Mama Mvuke,” meneja alisema. “Ana miaka kumi na tisa humu. Hakuna asilolijua kuhusu kostiki.”

“Tunafahamiana,” mkemia alijibu. “Ni wifi yangu. Mke wa kaka yangu, yule aliyepofukia hapa.”

Meneja alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyekanyaga kitu asichokijua, akasema ana simu ya kupiga, akaondoka. Wanawake wawili wakabaki wanaangaliana katikati ya mvuke. Hakuna aliyetoa mkono. Mmoja alikuwa na glavu zenye sumu, mwingine hakuwa na nia.

Mama Mvuke hakupewa jina hilo kwa mzaha. Aliingia kiwandani kama mfagiaji, akapanda hadi kwenye matangi, na mwisho akakabidhiwa ukumbi mzima na watu kumi na wawili. Kitambaa cha poliesta kikitoka kufumwa huwa kigumu, kinateleza, na hakinywi maji. Ukikidondoshea tone, linakaa juu kama ushanga. Mtu akikivaa hivyo jasho linamganda mgongoni, na rangi nayo hukishika shingo upande. Dawa ya kiwanda ilikuwa kostiki, magadi makali yanayokuja kwenye mifuko. Unayayeyusha, unayachemsha mpaka karibu yatokote, unazungusha kitambaa humo saa nzima, nayo yanakitafuna ngozi ya juu hadi kinalainika. Tatizo lake ni kwamba hayachagui. Yanakula kitambaa, yanakula glavu, yanakula mkono wa mtu, na maji yake yakitoka nje yanaunguza majani mtaro mzima. Mama Mvuke alikuwa na makovu mekundu mikono yote miwili, na hakuyaficha. Alisema ndiyo cheti chake.

Kesho yake asubuhi mkemia aliwakusanya watu wa ukumbi mbele ya tangi namba tatu. Mkononi alikuwa na kidumu chenye maji ya rangi ya chai hafifu.

“Hivi ni vimeng’enya,” alisema. “Kila mmoja wenu anavyo tumboni. Ukila, ndivyo vinavyokata chakula vipande vipande. Hivi vyangu vinatengenezwa na bakteria wanaofugwa kwenye mapipa maalumu, na kazi yake ni moja: kukata poliesta, ngozi ya juu tu. Haviunguzi mtu. Havitaki moto mkubwa, nyuzi sitini na tano zinatosha.”

“Kwa hiyo ni wadudu,” alisema Kasuku, mchanganya dawa, ambaye hakuna neno lililompita bila yeye kulirudia kwa watu.

“Si wadudu. Ni protini. Bakteria ndio wanaoitoa.”

“Basi ni mate ya wadudu.”

Watu wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo ukumbi mzima ukaviita mate. Mama Mvuke hakucheka.

“Mate yako yakifanya kazi,” alisema, “hawa kumi na wawili wanaenda wapi?”

“Sikuletwa kupanga watu. Nimeletwa kuondoa sumu.”

“Unaondoa sumu na walioizoea.”

“Kuizoea ni nini, wifi?” Mkemia alishusha sauti, lakini si kiasi cha watu kutosikia. “Kaka yangu naye alikuwa ameizoea.”

Hapo watu wakatawanyika, kila mmoja akikumbuka ghafla alikoacha ndoo yake.

Kaka mwenyewe alikuwa fundi bomba wa kiwanda, na Mama Mvuke alizoea kumwita Fundi hata nyumbani. Miaka sita kabla, bomba linaloleta kostiki kwenye tangi namba tatu lilikuwa limeziba. Fundi akaja na spana zake. Kabla hajagusa nati alimuuliza mkewe, “Valvu ya juu imefungwa?” Mama Mvuke akainua macho kwenye koki hiyo ya kuzuia kostiki, akaona mkono wa valvu umelala upande wa kufunga. “Imefungwa,” akajibu. Fundi akalegeza nati, miwani ya kazi ikiwa kwenye paji la uso kwa sababu mvuke ulikuwa unaitia ukungu. Kostiki ya moto ikamrukia macho yote mawili.

Wachunguzi walipokuja hospitali, Fundi alikuwa bado kwenye bandeji. “Hakuna aliyeniambia kitu,” aliwaambia. “Nilifungua kwa uzembe wangu.” Mama Mvuke alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Alifungua mdomo, akaufunga.

Dada wa Fundi alikuwa mwanafunzi wakati huo. Alimwambia wifi yake kwenye korido ya hospitali, macho makavu, “Kaka yangu hafungui bomba bila kuuliza. Kuna mtu alimjibu.” Kisha akaenda masomoni mbali, na kwa miaka sita hakukanyaga nyumbani kwao. Alikuwa akimpigia kaka yake simu saa ambazo alijua Mama Mvuke yuko kazini.

Na Fundi? Alikaa nyumbani. Mkewe alimvalisha, alimnyoa, alimmiminia chai, alimshika mkono hadi chooni. Aliyakataa maneno yote ya fimbo na mafunzo ya wasioona. Alisema maadamu yuko hai, mume wake hatapapasa kuta. Fundi naye alichacha. Chai ikipoa alinung’unika, redio ikisogezwa kidogo alifoka. Mama Mvuke akithubutu kujibu, alikuwa na sentensi moja tu: “Mimi nimenyamaza mangapi?” Basi mke ananywea.

Jaribio la kwanza lilifanyika Jumatatu. Mkemia aliamuru tangi namba tatu lioshwe, likajazwa maji safi, akatia dawa yake ya kutuliza ukali wa maji, akamimina vimeng’enya. Jora zima likazungushwa kwa muda wa saa tano. Mama Mvuke alisimama kwenye gurudumu la mvuke, akilifungua na kulifunga kama alivyoagizwa. Lakini katikati ya kazi, kwa udadisi, alivua glavu akachovya kidole majini mara moja. Maji yaliteleza kama sabuni. Akaelewa kuna kostiki, akarudisha glavu, akashika tena gurudumu.

Walipotoa kitambaa, mkemia alikitandaza juu ya meza mbele ya meneja. Kipimo chenyewe ni cha kitoto: unadondosha tone la maji, unahesabu mpaka lizame. Alihesabu hadi sitini. Tone lilikuwa bado limekaa, linang’aa. Alijaribu kona nyingine, na nyingine. Kasuku akanong’ona kwamba labda mate yamekauka. Mkemia akachukua kipande cha karatasi ya kupimia, akakichovya kwenye maji ya tangi. Karatasi ikageuka bluu nzito kama wino.

“Maji haya yana kostiki,” alisema. “Vimeng’enya vimekufa vyote. Kuna mtu ametia mkono wake humu.” Akamgeukia wifi yake. “Na ni mmoja tu aliyesimama hapa kwa saa tano zote.”

“Sema unachotaka kusema,” Mama Mvuke alijibu.

“Nimeshasema.”

“Basi nisikilize na mimi. Nikitaka kuharibu kazi yako, siwezi kujificha nyuma ya jagi la kostiki. Nitakuja mlangoni kwako nikuambie nimeiharibu. Umekuja hapa na kisasi chako umekifunika koti jeupe, kazi imekushinda siku ya kwanza, sasa unatafuta wa kumbebesha.”

“Wewe ndiye unayejua kubebesha watu.”

Meneja akagonga meza. Akasema Alhamisi kutakuwa na jaribio jingine, la mwisho. Likishindikana, mkemia atafunga virago. Na ikigundulika kuna mkono wa mtu, huyo mtu atatangulia.

Ukweli ni kwamba Mama Mvuke hakutia kitu. Lakini alijua kostiki ilipotoka. Miezi michache baada ya ajali aligundua kwamba valvu ya tangi namba tatu inavuja hata mkono wake ukiwa umefungwa kabisa. Ndani ilikuwa imelika. Siku hiyo alielewa kilichompofusha mumewe, akakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Hakumwambia mtu. Kwa kuwa tangi lile lilikuwa la kostiki siku zote, kuvuja kwake hakukumsumbua yeyote. Na angeripoti valvu, swali la kwanza lingekuwa: siku ile, nani alisema imefungwa?

Jumatano, wakati wa kubadilishana zamu, Kasuku alimfuata kwenye kona ya mifuko. Alikuwa na jagi la plastiki.

“Mama, kesho nusu jagi tu, tunamaliza maneno. Anaondoka na kidumu chake.”

“Weka jagi chini.”

“Watu kumi na wawili, mama. Nina watoto.”

“Wote tuna wa kulisha. Weka chini. Huyu mwanamke ananichukia kwa kosa ambalo hana uhakika nalo. Sitampa la uhakika.”

Kasuku aliweka jagi chini, lakini alimwangalia kama mtu anayemwangalia msaliti.

Jioni ile jua lilikuwa bado liko juu alipofika nyumbani. Alimkuta Fundi amekaa kibarazani, shingo imeinuliwa upande ambao redio ilikuwa inazungumza. Alimsimulia mambo ya jaribio, kwa mkato, huku akimpunguzia kucha.

“Tangi namba ngapi?” Fundi aliuliza.

“Tatu.”

Fundi alizima redio. “Valvu ile haijabadilishwa?”

Mama Mvuke alisimamisha mkasi. “Wewe unajuaje kama ilitakiwa kubadilishwa?”

“Nauliza tu.” Akavuta mkono wake. “Inavuja, basi. Mwambie dada yangu.”

“Nikimwambia ya valvu, nitakuwa nimemwambia yote.”

“Kwa hiyo afukuzwe? Dada yangu amesoma miaka yote hiyo kwa ajili ya macho yangu, wewe umwache afukuzwe ili usionekane?”

“Usinipandishie sauti, Fundi.”

“Mimi nimenyamaza mangapi?”

Kawaida hapo ndipo Mama Mvuke alipokuwa akinywea. Jioni ile aliendelea kumtazama, na kwa mara ya kwanza aliona namna mumewe alivyoinamisha uso, kana kwamba bado ana macho ya kukwepesha. Hakuelewa ni kwa nini. Alimaliza kucha, akaingia ndani.

Alhamisi alifika kabla ya zamu, akapanda hadi maabara. Mkemia alikuwa anapanga chupa. Hakumkaribisha kiti.

“Hakuna aliyetia kostiki kwenye tangi lako,” Mama Mvuke alisema. “Valvu ya juu inavuja hata ikifungwa. Kata bomba lile, uzibe kabisa, uoshe tangi mara tatu. Pale chini kwenye kona ya bomba kuna kostiki inayobaki. Usipofungua bomba la kutolea uchafu, haitoki.”

“Umejua tangu lini?”

“Miaka sita, kasoro miezi.”

Mkemia aliweka chupa mezani taratibu. “Siku ya kaka yangu.”

“Aliniuliza. Niliona mkono umelala. Nikamwambia imefungwa.” Alipolisema, hakuhisi mzigo kushuka kama watu wanavyosimulia. “Nilisema nilichokiona. Lakini ni mimi niliyesema.”

Mkemia alizisukuma chupa nyingine kando.

“Kwenye korido nilikuambia kuna mtu alimjibu,” mkemia alisema. “Ulinitazama usoni.”

“Nilikutazama.”

“Toka humu.”

Mama Mvuke alikuwa amefika mlangoni aliposikia tena sauti ya wifi yake. “Sijamaliza na wewe. Mwite fundi bomba wa sasa alikate hilo bomba. Na wewe usimame kwenye gurudumu la mvuke. Boila yenu inayotoa mvuke inapanda na kushuka kama homa, sina mtu mwingine wa kuishika.”

Valvu ilikatwa, bomba likazibwa kwa bamba la chuma. Tangi likaoshwa mara tatu, na mara ya tatu mkemia alichovya karatasi yake mwenyewe. Kisha kazi ikaanza. Kwa muda wa saa tano Mama Mvuke alisimama na mkono juu ya gurudumu la mvuke. Boila ilipopanda alibana, iliposhuka alilegeza, na joto halikuvuka nyuzi mbili juu wala chini. Vimeng’enya vinapokata poliesta hutoa asidi kidogo kidogo, na asidi ikizidi vyenyewe vinazubaa. Kwa hiyo mkemia alikaa upande wa pili wa tangi, anapima, anatia dawa ya kutuliza, anapima tena. Maneno yao yalikuwa tarakimu.

“Sitini na nne,” Mama Mvuke alisoma.

“Ongeza.”

“Nimeongeza.”

Alasiri kitambaa kilitandazwa. Mkemia alidondosha tone. Halikukaa kama ushanga. Lilitandaa, likazama, likaacha duara la unyevu, naye alikuwa hajamaliza kuhesabu tatu. Akadondosha kwenye kona, katikati, pindoni. Meneja alikipapasa kitambaa, akakiweka shavuni, akasema ni laini na hakijapungua uzito kama cha kostiki. Kisha akaanza kueleza jinsi alivyoamini jambo hili tangu mwanzo. Mama Mvuke alivua glavu, akaenda kukaa juu ya mifuko. Watu wake hawakumsogelea. Kasuku alipita akitema mate sakafuni, na safari hii hakuwa anatania.

Wiki iliyofuata mkemia alianza kuandika ripoti ya jaribio, na ndani yake alikusudia kuandika ya miaka sita nyuma. Hakulificha, alimwambia Mama Mvuke mbele ya watu kwamba ataandika jina lake. Ili ripoti isiwe na tundu, alishuka stoo akaomba daftari la matengenezo la mwaka ule. Akakaa nalo siku mbili.

Siku ya tatu alishuka ukumbini wakati wa mapumziko ya mchana. Chini ya kwapa alikuwa na daftari, mkononi valvu iliyokatwa. Aliviweka vyote mbele ya wifi yake aliyekuwa anakula peke yake.

“Soma hapo.”

Mama Mvuke alisoma. Ilikuwa siku kumi na moja kabla ya ajali. *Valvu ya tangi 3, inavuja. Imebadilishwa.* Chini yake sahihi yenye mkia mrefu, ambayo aliijua tangu cheti cha ndoa.

“Valvu hii ina namba ya tangu kiwanda kilipojengwa,” mkemia alisema. “Haijawahi kubadilishwa. Kaka yangu aliandika uongo.”

“Kwa nini unanionyesha?”

“Kwa sababu ripoti yenye nusu ya matokeo si ripoti. Nilitaka kukuandika wewe peke yako. Nilikuwa na kalamu mkononi.” Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akachukua muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani. “Hii haikufanyi uwe mwema. Ulijua valvu mbovu miaka sita, ukawaacha watu wafanye kazi chini yake. Hilo nitaliandika. Nitayaandika yote.”

“Andika,” Mama Mvuke alisema. Alifunika chakula chake.

Hakusubiri zamu iishe. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani akiwa bado amevaa mabuti ya kazi. Fundi alizisikia hatua zake.

“Mbona mapema?”

“Nimeisoma sahihi yako. Daftari la matengenezo.”

Fundi hakuuliza sahihi gani. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikapata ukingo wa kiti.

“Vipuri havikuwepo,” alisema. “Wakaguzi walikuwa wanakuja. Aliyekuwa meneja akasema andika imebadilishwa, valvu zitakuja mwezi ujao.”

“Na uliponiuliza kama imefungwa, ulijua inavuja.”

“Nilitumaini bado inashika.”

“Kwa wachunguzi ulinyamaza kwa ajili yangu au kwa ajili yako?”

“Kwa wote wawili.”

“Lakini mimi uliniambia nusu.” Alikuwa hajapandisha sauti. “Miaka sita, Fundi, kila ninapokunyoa nasema haya macho nimeyatoa mimi. Na wewe umekaa hapo, kidevu juu, unaniambia chai imepoa.”

“Ningekuambia ungeniacha.”

“Ungeniambia tungelia wote siku moja, tukaendelea.”

Akaingia chumbani akatoa sanduku. Aliweka mashati, mswaki, redio. Fundi aliuliza wanakwenda wapi, hakujibiwa. Teksi iliwashusha mbele ya jengo alilopanga mkemia, ghorofa ya tatu. Mama Mvuke alimshika mumewe kiwiko akampandisha ngazi zote, akagonga. Wifi yake alikuwa ndiyo kwanza ameingia, koti bado mkononi.

“Nimekuletea kaka yako,” Mama Mvuke alisema. “Miaka sita umenichukia kwa ajili yake.”

“Mimi nafanya kazi mchana kutwa. Nitamwacha na nani?”

“Mimi pia nafanya kazi mchana kutwa.”

Akaliweka sanduku ndani ya kizingiti, akashuka. Nyuma yake alisikia Fundi akisema, “Dada, choo kiko upande gani?”

Ripoti ilitoka na majina matatu: Fundi, Mama Mvuke na meneja wa zamani, ambaye alikuwa ameshastaafu na hakujibu barua. Valvu zote za ukumbi zilibadilishwa ndani ya mwezi mmoja, jambo lililokuwa limeshindikana miaka yote. Mama Mvuke alivuliwa usimamizi. Watu saba kati ya kumi na wawili waliachishwa, Kasuku akiwa wa kwanza, na hadi leo akikutana na Mama Mvuke sokoni anabadili njia. Mama Mvuke mwenyewe hawakumwachisha. Mkemia aliandika kwamba tangi la vimeng’enya haliwezi kuendeshwa bila mtu anayeijua boila, na anayeijua ni mmoja. Hakuandika kwa hisani. Siku ya kwanza ya kazi hiyo mpya alimwambia, “Ningekuwa na mwingine, usingekuwa hapa.”

“Najua,” Mama Mvuke alisema. “Na kipimajoto chako kinadanganya nyuzi mbili.”

Walibishana wiki nzima juu ya kipimajoto. Kilipopelekwa kukaguliwa, kilikuwa kinadanganya nyuzi mbili kamili. Mkemia alibadilisha namba kwenye ubao. Salamu hazikuwepo. Wafanyakazi wapya waliokuja baadaye walidhani wawili hao wanatoka familia zilizouana.

Ilikuwa mwezi wa pili tangu Fundi ahamie kwake, mkemia aliposogea kando ya tangi, macho yana weusi chini. “Kaka hali chakula changu,” alisema. “Anapenda nini?”

“Muulize. Mdomo anao.”

“Anafoka.”

“Huo ndio mdomo wenyewe.”

Mkemia hakuwa na uvumilivu wa wifi yake, wala hakuwa na hatia ya kumnyenyekesha. Asubuhi moja alimwambia kaka yake kwamba hatamshika mkono tena, akampeleka kwenye darasa la wasioona akamwacha huko akitukana. Alimwacha kila siku. Fundi alijikwaa, aligonga paji la uso, aligombana na mwalimu, na taratibu akajua ngazi, barabara, na mahali pa kuvukia.

Mwezi wa nne, Jumamosi alasiri, Mama Mvuke alikuwa anafua uani aliposikia kitu kikigonga ukuta wa nje, kikisogea, kikigonga tena. Alienda mlangoni. Fundi alikuwa amesimama peke yake, fimbo nyeupe mkononi, suruali ina vumbi magotini, kwenye paji la uso pana plasta.

“Nimekuja mwenyewe,” alisema.

“Naona.”

“Sikuja kuomba unishike.”

“Sijakushika.”

Akasogea pembeni kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupita. Fundi alipapasa kizingiti kwa fimbo, akaingia, akagonga goti kwenye meza iliyokuwa imehamishwa tangu aondoke. Hakufoka. Alikitafuta kiti, akakaa, akasema ana mambo ya kusema kuhusu siku ile hospitali, na kwamba ni marefu. Mama Mvuke alisema ana nguo za kusuuza, lakini atasikiliza akiwa anasuuza, mlango uko wazi. Akamsogezea chupa ya chai na kikombe, akavigongesha mezani ajue vilipo, akarudi uani.

Kutoka kwenye beseni alimwona akimimina. Nusu iliingia kwenye kikombe, nusu ikatiririka mezani hadi kwenye suruali yake. Hakwenda kumsaidia. Alikamua shati, akalitundika kwenye kamba, akasema, “Haya, anza.”